Mshale na Orodha: Kuusoma Uso wa Redio

Redio ndogo inayouzwa kwenye vibanda vya Majengo, Moshi, ina uso unaostahili kuhakikiwa mstari kwa mstari. Juu kuna jina la kampuni, mara nyingi jina lililotungwa lisikike la Kijapani. Katikati kuna kidirisha cha plastiki chenye mistari ya namba: FM kuanzia 88 hadi 108, chini yake MW, chini zaidi SW1 na SW2. Nyuma ya plastiki umesimama mshale mwekundu. Ubavuni kuna gurudumu la kuusogeza mshale huo na jingine la sauti. Juu, antena ya kuvuta. Mgongoni, mahali pa betri. Redio ya mwaka 1985 ilikuwa ikiishia hapo. Ya leo imeongezewa tundu la flashi, mwanya wa memori kadi, tochi, na nyingine kipande cha sola kisichozidi kiganja.

Nimeuchagua uso huu kwa sababu ipo hoja isiyokoma kurudi kila panapozungumzwa utangazaji: kwamba baada ya televisheni, zamu ya redio kuhamia dijitali imefika, na wananchi watanunua vipokezi vipya kama walivyonunua ving'amuzi. Sehemu ya kwanza ya hoja hiyo sina ugomvi nayo sana. Mitambo inaweza kununuliwa na minara ikajengwa. Sehemu ya pili siiamini. Namtilia shaka mnunuzi huyo anayesubiriwa, na sababu zangu zimo kwenye umbo la kitu chenyewe, kabla hata hatujafika kwenye bei.

Tuanze na mshale. Kazi yake ni kuonyesha mahali. Msikilizaji anapozungusha gurudumu, anasafiri juu ya mstari mmoja usiokatika, na kila kituo kina kiwanja chake kwenye mstari huo. Kati ya kituo na kituo kuna mvumo. Mvumo nao ni sehemu ya umbo, maana humo ndimo sauti isiyotarajiwa hujitokeza: mtu wa Himo au Rombo, aliye jirani na mpaka wa Taveta, hukutana na watangazaji wa Kenya bila kuwatafuta. Mshale hauulizi kituo kimesajiliwa wapi. Wala haudai msikilizaji ajue kusoma. Bibi asiyejua herufi hata moja hukikumbuka kituo chake kwa mahali mshale uliposimama, na zipo redio nyingi zenye alama ya wino au mkwaruzo wa kisu juu ya plastiki kuonyesha hapo ndipo penyewe. Alama hiyo naihesabu kuwa maandishi ya msikilizaji, yaliyoongezwa juu ya maandishi ya kiwanda.

Kipokezi cha dijitali hakina mshale. Kina kioo kidogo na orodha. Unabonyeza kitufe, kinapekua mawimbi kwa muda, kisha kinakuletea majina ya vituo yamepangwa kwa alfabeti. Ni umbo safi, na kwa aliyezoea menyu ya simu halina ugumu wowote. Lakini orodha haina nafasi kati ya jina na jina, na kisichomo ndani yake msikilizaji hatajua kama kipo.

Orodha hiyo pia ina mwenyewe. Katika mfumo wa redio ya dijitali uitwao DAB, ambao BBC ilianza kuurusha mwaka 1995, vituo kadhaa hufungwa pamoja na kurushwa kwa mtambo mmoja. Mwenye mtambo ndiye anayempokea mmoja na kumwacha mwingine, na ndiye anayepanga ada. Leo kituo cha FM cha Moshi kina masafa yake, na masafa hayo yana namba yake usoni mwa kila redio ya kila kibanda. Kikiingia kwenye fungu la dijitali kitakuwa mpangaji. Kituo kikubwa cha Dar es Salaam kitaweza kodi hiyo. Kituo kinachoishi kwa matangazo ya duka la pembejeo na ya sherehe za kipaimara, sijui kitatoa wapi.

Umbo jingine la kusoma ni namna redio inavyoshindwa. Hapa naomba tukae kidogo, kwa sababu wanaopigia debe dijitali huzungumzia sauti inapofika na kusahau sauti isipofika. Betri zikianza kuisha kwenye redio ya mshale, sauti hushuka polepole. Msikilizaji huzitoa, huzianika juani, huzirudisha, na kupata taarifa ya habari moja zaidi. Mawimbi yakiwa hafifu, huivuta antena mpaka mwisho, husogea dirishani, huigeuza redio ielekee mjini. Kila juhudi ina malipo yake, hata yawe madogo. Redio hii huchoka kama mzee anavyochoka: sauti inafifia, lakini maneno bado unayapata.

Mteremko wa Kilimanjaro ndio mahali pa kulipima jambo hili. Kibo ina mita 5,895, na kutoka huko juu makorongo yameshuka na kuikata nchi vipande vipande, Machame, Kibosho, Uru, Old Moshi, mpaka Marangu. Mawimbi ya FM husafiri karibu kwa mstari ulionyooka. Nyumba iliyo kwenye mgongo wa kilima inauona mji wa Moshi wote chini yake; nyumba ya shemeji yake, mwendo mfupi tu lakini ndani ya korongo, imezibwa na ardhi na migomba. Wa mgongoni anasikia vizuri. Wa korongoni anasikia kwa mikwaruzo, ila anasikia, na akihamisha redio kutoka jikoni kwenda barazani anasikia zaidi.

Nisiinyime dijitali haki yake. Mawimbi yanayogonga ukuta wa korongo na kurudi yamechelewa huiharibu FM. DAB imeundwa kuyavumilia marudio hayo, hata kunufaika nayo, na mahali mawimbi yanapofika kwa nguvu ya kutosha kipokezi cha dijitali kitatoa sauti safi kuliko redio yoyote ya Majengo. Shida huanzia chini ya kiwango hicho. Mawimbi yakipungua, kipokezi hushindwa kuyasahihisha makosa, sauti hukatikakatika, kisha yote hukoma. Hakuna mkwaruzo wa kumwambia mama wa korongoni kwamba kituo kipo hatua mbili upande ule. Na betri ikishuka chini ya kipimo chake, kioo huzimika na orodha yote huzimika nayo. Dawa ya kitaalamu inajulikana: ongeza minara midogo kwenye makorongo. Sijasikia bado nani atailipia.

Umbo la tatu liko nje ya redio, kwenye maneno tunayosikia kupitia kwake. Sikiliza kituo cha kitaifa kinapojitambulisha: namba na mji, namba na mji, mpaka nchi nzima imetajwa. Mtangazaji huyasoma haya mara nyingi kwa siku kiasi kwamba mtoto wa Majengo anajua namba ya kituo ya Moshi na ya Arusha kabla hajajua kilomita zilizopo kati ya miji hiyo. Namba na mji vimefungwa pamoja, na namba hiyo hiyo imechapwa kwenye kidirisha cha plastiki. Sauti na uso vinaelekezana. Kipokezi cha dijitali huifuta namba na kubakiza jina, na jina halimwambii mtu sauti inatoka upande gani wa nchi.

Lakini umbo lililo zito zaidi ni tangazo la kifo. Waliokulia kwenye Radio Tanzania Dar es Salaam wanaukumbuka muziki wake wa huzuni na sauti ya mtangazaji ikipunguza mwendo. Muundo wake ni thabiti kama wa shairi la arudhi. Kwanza anatajwa anayetangaza msiba na mahali alipo. Kisha marehemu, kisha kifo kilipotokea, kisha mazishi. Halafu huja maneno mawili, habari ziwafikie, na baada yake orodha ya watu na mahali walipo: kaka wa Tunduma, shangazi wa Mwanza, wajomba wa Tanga, ndugu na jamaa wote popote walipo. Mara nyingi sehemu hii ya mwisho ni ndefu kuliko zote zilizotangulia. Kwa mtu anayehakiki umbo, uzito wa tangazo umewekwa kwa wapokeaji.

Kwa watu wa Kilimanjaro umbo hili lilibeba mzigo mkubwa kuliko kwingi. Wachagga wametawanyika kwa biashara na kazi kila mkoa, na kwa wengi wao mazishi ni kihambani, kwenye shamba la ukoo kule juu mlimani. Msiba wa Kibosho ulikuwa lazima uwafikie watu wa Mbeya ndani ya siku mbili au tatu. Na uliwafikia kwa sababu tangazo lilichukua kwa yakini kwamba redio imo ndani ya nyumba, au kwa jirani, au kwenye duka la mangi pale kona. Aliyesikia hakuhitaji kuwa mlengwa. Alilibeba jina akalipeleka. Leo simu imechukua sehemu kubwa ya kazi hii, na ndivyo ilivyo hata Majengo. Hata hivyo tangazo la redio limebaki na nguvu moja ambayo kundi la simu halina: humfikia hata mtu ambaye namba yake huna.

Hesabu za wauza vipokezi hazilioni jambo hili. Wao huuliza kaya ngapi zimenunua kifaa. Redio yetu haikuenea kwa hesabu ya kaya. Mwaka 1973, kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wazima wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza na kujadili, kundi zima likizunguka redio moja. Ukianza kwa kuzima FM huku robo tu ya nyumba zikiwa na kipokezi kipya, maneno habari ziwafikie yanageuka kuwa ahadi ambayo mtangazaji hawezi kuitimiza.

Afrika Mashariki ilishapewa redio ya dijitali ikaipima. Setilaiti ya AfriStar ya kampuni ya WorldSpace, iliyoanzishwa na Noah Samara, mzaliwa wa Addis Ababa, ilirushwa angani Oktoba 1998 na kuanza kutangaza mwaka uliofuata. Nia yake ilikuwa njema. Samara alitaka Afrika iliyosahauliwa na minara ipate sauti safi kutoka juu, elimu na habari za afya zikiwemo. Ukikisoma kipokezi chake, utaona hatari ilipokuwa. Antena yake ilikuwa bapa na ilibidi iione anga, ielekezwe kwenye setilaiti iliyosimama nyuzi 21 mashariki. Kwa mtu wa Moshi hiyo ni karibu juu ya kichwa, ikielemea magharibi. Redio iliyozoea kukaa kabatini, kuning'inia kwenye mgomba, kufungwa kwenye baiskeli, ikageuka kuwa kifaa cha kusimikwa. Bei ya mwanzo ilizidi dola 200 za Marekani. Baadaye vituo vingi vikafungiwa nyuma ya ada ya mwezi. Kampuni iliomba ulinzi wa mufilisi Oktoba 2008, ikiwa na wateja wapatao 170,000 tu, na idadi kubwa mno kati yao walikuwa India. Huduma ya setilaiti ilipokoma, upande wa setilaiti wa kipokezi kilichobaki mezani ulinyamaza. Aliyekuwa nacho alibaki na antena bapa isiyo na cha kupokea.

Kuna jibu ninalolisikia: Watanzania hawaogopi vifaa vipya, FM yenyewe iliingia hivyo hivyo. Ni kweli, na jibu hili lina nguvu kuliko wengi wanaolitoa wanavyolitumia. Baada ya sheria ya utangazaji ya mwaka 1993 vituo binafsi vilianza, Radio One ikiwa miongoni mwa vya mwanzo mwaka 1994, na watu walinunua redio zenye FM bila kuamriwa na mtu. Angalia pia magari. FM ya Japani ilikuwa ikianzia 76 na kuishia 90, kwa hiyo redio nyingi zilizokuja ndani ya Noah na Corolla zilizotumika huishia hapo, na vituo vyote vya juu ya 90 havipatikani. Madereva wa Moshi hawakukaa kimya: walifunga kifaa cha kushusha masafa au wakabadilisha redio nzima. Walilipa kwa hiari.

Lakini walilipia nini? Walilipia sauti ambazo hawakuwa nazo. Redio ya FM ya miaka ya 1990 ilimletea mtu muziki na mijadala ambayo redio ya taifa haikuwa nayo, na bado MW na SW zilibaki usoni mwake. Hakuna aliyezima kitu. Dijitali inayopendekezwa kwa redio inataka msikilizaji alipie vituo vile vile anavyovisikia bure, kwa usafi wa sauti ambao spika ya kiganja haiwezi hata kuuonyesha.

Televisheni nayo ilitufunza. Ratiba ya kuzima analojia ilianzia Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, na zamu ya Moshi na Arusha ikapangwa 31 Machi 2013. Watu walinunua ving'amuzi kwa sababu skrini zingebaki tupu, na kwa sababu makubaliano ya kimataifa ya mwaka 2006 yalikuwa yameweka ukomo wa Juni 2015. Kisha mwaka 2018 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, ikaziamuru kampuni kadhaa za televisheni ya kulipia ziondoe chaneli za ndani za bure kwa sababu za leseni, na familia nyingi zikajikuta zinahitaji king'amuzi cha pili kuona taarifa ya habari ya nyumbani. Aliyepitia hayo hatakimbilia redio inayofanana na king'amuzi. Na FM haina ukomo wa aina ile ya televisheni; hakuna tarehe ya dunia inayotukimbiza.

Huko ilikoanzia, dijitali ya redio imetembea kwa mwendo wa pole. Uingereza ilipanga kuhama kufikia 2015, ikaahirisha, na mapitio ya mwaka 2021 yakasema FM iendelee walau hadi 2030. Norwei ilizima FM ya kitaifa mwaka 2017. Nchini Uswisi, shirika la utangazaji la umma, SRG SSR, lilizima yake mwisho wa 2024 na wasikilizaji wakalipungukia. Zaidi ya hayo, DAB+, toleo jipya la DAB, ilipokuja mwaka 2007, vipokezi vingi vya DAB ya kwanza havikuweza kuipokea. Nchi tajiri ziliweza kununua mara mbili.

Nirudi kwenye kidirisha cha plastiki, maana jibu la Majengo lilishatolewa na liko pale. Soma mistari ya SW1 na SW2. Kuna wakati vipindi vya Sauti ya Injili vilirekodiwa Moshi, mikanda ikapelekwa Addis Ababa kwenye kituo cha Walutheri kilichofunguliwa 1963, na sauti ikarudi mlimani kwa masafa mafupi, mpaka serikali ya kijeshi ya Ethiopia ilipokitwaa mwaka 1977. Wanaoitafuta SW leo ni wachache, lakini mistari imebaki. MW imebaki. Juu yake wakaongeza FM. Baada ya FM wakaongeza flashi na memori kadi. Uso huu umekua kwa kuongezwa, na hakuna kizazi kilichofuta cha mwenzake.

Na tazama walichokiongeza mwisho. Flashi ni dijitali. Kwaya, mahubiri, bongo fleva na kaswida vinakaa kwenye kadi ndogo kuliko ukucha, vinanakiliwa kibandani kwa bei ndogo, na vinachezwa korongoni ambako hakuna mnara unaofika. Msikilizaji wa Majengo alichagua mwenyewe dijitali ikae upande gani: aliweka kwenye kadi vile anavyotaka kurudia, akaiachia hewa vile anavyotaka kushiriki na wengine kwa wakati mmoja, msiba, mpira, taarifa ya mafuriko. Mgawanyo huo ni wa akili, na ulifanywa bila semina.

Kwa hiyo TCRA na wizara wasitangaze tarehe yoyote ya kuzima FM kwa kutumainia kwamba tarehe itamlazimisha mtu kununua. Wanaotaka dijitali ya redio, iwe DAB+ au mfumo mwingine kama DRM, na wailete kwanza kama mstari mmoja zaidi kwenye uso ule ule, chini ya FM na juu ya tundu la flashi, ikiwa na vituo vipya ambavyo FM haina, na kwa bei ya redio ya tochi. Redio hiyo ikishapatikana kwenye vibanda vya Majengo na kusikika korongoni Uru, mjadala wa kuhama uanze siku hiyo, na wasikilizaji wa korongoni wawe wa kwanza kuulizwa.